Sahihi ya Mama Pasi

Mama Pasi alikuwa amefeli mtihani wa Kiingereza mara mbili, na hakumficha mtu. Ukimuuliza, alikutajia alama zake bila kupepesa macho: mara ya kwanza thelathini na sita, mara ya pili thelathini na nane, na ya kufaulia ni arobaini kwa hamsini. Kisha alikukazia macho aone kama utathubutu kucheka. Wachache walithubutu, maana mkononi mara nyingi alikuwa na pasi, tena ya moto.

Mara ya tatu ndiyo ya mwisho, ndivyo kanuni za hospitali zilivyosema. Kwa miaka mitatu alikuwa ameendesha chumba cha kufulia kama kaimu msimamizi, na ukaimu ni njia ya adabu ya kumfanyisha mtu kazi ya mkubwa huku ukimwita mdogo. Akifeli tena, kiti kingekwenda kwa karani wa stoo, bwana aliyefaulu mara ya kwanza kwa alama nzuri na ambaye hakuweza kutofautisha shuka na pazia hata ukimfunika nalo.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa jambo moja tu, viunganishi. Unapewa sentensi ya Kiingereza yenye pengo katikati, na chini yake maneno manne yanayofanana kama pacha, uchague moja. As long as, as far as, as soon as, as well as. Nani aliamua kwamba msimamizi wa ufuaji apimwe kwa mambo hayo, hakuna aliyejua. Shuka lenye damu halijawahi kumuuliza mtu tofauti ya in case na if. Lakini kanuni ilikuwa kanuni, na Mama Pasi hakuwa mtu wa kuililia. Aliamua kuikomoa.

Chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa ya jengo, na madirisha yake yalitazama miguu ya wapita njia. Kulikuwa na mashine nne, mojawapo mlango wake ukishikiliwa kwa mpira wa baiskeli, na meza ndefu ya pasi iliyoungua hapa na pale. Kila asubuhi mafurushi yaliteremshwa kutoka wodini, kila furushi na karatasi yake: shuka arobaini, foronya ishirini na tano, gauni za wagonjwa kumi na nane. Na hapo ndipo palikuwa na desturi ya chumba kile, ambayo haikuandikwa popote na haikuvunjwa na yeyote. Hakuna kutia sahihi kabla ya kuhesabu. Unakunja, unapanga, unapitisha kidole gumba kwenye pembe, tano tano, kwa sauti. Hata karatasi iletwe na daktari mkuu mwenyewe, atasubiri amesimama.

Desturi hiyo aliirithi kwa Bi Hesabu, aliyekuwa akiendesha chumba kabla yake. Siku yake ya kwanza kazini, miaka ishirini na mmoja iliyopita, Mama Pasi alipokea furushi na kuchukua kalamu asaini. Bi Hesabu alimnyang'anya.

"Karatasi inasema arobaini. Wewe umeziona arobaini?"

"Sijaziona, mama."

"Basi unasaini nini? Unasaini maneno ya watu?"

Bi Hesabu naye alikuwa amekutana na mtihani huo. Ulipoanzishwa, miaka sita nyuma, aliufanya mara tatu na kufeli mara tatu, akastaafu akiwa kaimu. Tangu hapo hakukanyaga tena hospitali ile. Hata akiugua alikwenda zahanati ya mbali. Alisema kichwa chake hakikuumbiwa Kiingereza, na alilisema hilo kwa sauti ndogo, yeye ambaye enzi zake sauti yake ilishinda mashine nne zikizunguka kwa pamoja. Mama Pasi alipoisikia sauti ile ndogo alipandwa na mori, na mori huo haukuwahi kumshuka.

Nyumbani alikuwa na mwalimu wake. Binti yake, mtoto wake wa pekee, alifundisha Kiingereza sekondari, na jioni baada ya kula walikaa mezani, mama na daftari, binti na subira yake.

"Mama, although na in spite of zinakaribia maana moja. Tofauti iko kwenye kinachofuata."

"Kinafuata nini?"

"Although inataka sentensi nzima nyuma yake. In spite of inataka jina tu."

"Yaani mmoja anakaribisha familia nzima, mwingine anataka mgeni mmoja mlangoni."

"Hakuna kitabu kinachosema hivyo, mama."

"Ndiyo maana kitabu sikukielewa."

Kisha akaja na mbinu yake mwenyewe. Alichukua utepe mweupe wa kuwekea alama mashuka ya wodi, akaukata vipande, na kila kipande akakiandika kiunganishi kimoja kwa wino ule usiotoka hata ukichemshwa. Halafu akavichambua kama wanavyochambua nguo chafu, kila aina na kikapu chake. Wenye masharti kikapu hiki: unless, as long as, provided that. Wenye sababu kile. Wa wakati pale. Wenye woga wa kesho, kina in case, peke yao, kama jirani yake anayebeba mwavuli kiangazi. Na kwenye kikapu cha mwisho aliwatia although, even though, in spite of na despite, akakiita kikapu cha wabishi.

"Hawa ndio ndugu zangu," aliwaambia wenzake kwenye meza ya pasi. "Mambo yanakukataza, na wewe unafanya vilevile."

Basi hao wabishi ndio walioleta mtafaruku nyumbani. Mwaka uliopita, aliporudi kutoka kwenye mtihani wa pili, binti alimuuliza kwa hamu, "Wabishi wako umewajibu vipi?"

"Hawakuja."

"Mama, haiwezekani. Mtihani mzima wa viunganishi, although isiwemo?"

"Nakuambia hawakuja hata mmoja."

Binti alinyamaza. Kilikuwa kimya cha mwalimu aliyekwisha kuona wanafunzi wengi wa aina hiyo, wanaopita juu ya swali bila kulitambua na kuapa kwamba halikuwepo. Majibu yalipotoka, thelathini na nane, alisema neno ambalo hakulikusudia kwa ubaya, lakini lilichoma.

"Si kila mtu amejaliwa lugha, mama. Huna cha kumthibitishia mtu. Waandikie barua ujitoe, usije ukajiaibisha mara ya tatu."

Siku mbili nyumba ile iliongea kwa masufuria tu. Siku ya tatu jioni alikiweka kikapu cha wabishi mezani, akavuta kiti.

"Tuanze na hawa," alisema. Binti akafungua kitabu shingo upande.

Siku ya mtihani, mashine yenye mpira wa baiskeli ilitapika maji chumba kizima. Miaka iliyopita Mama Pasi alikuwa amekwenda kwenye mtihani na gauni la kutokea na viatu vinavyobana, aproni ameitundika kwenye msumari. Na bila kujua, aliutundika hapo hapo ujuzi wake wote. Kule kwenye Kiingereza alijiona mgeni, na mgeni hakagui alichopakuliwa. Mara hii hapakuwa na muda wa kubadili. Alikausha mikono na kupanda ngazi na aproni yake, mabega yamelowa.

Wafanyakazi wa ofisini walifanyia mtihani ghorofani, kwenye ukumbi wa mikutano wenye feni. Wa chini, yaani jikoni, bustani, usafi na kufulia, waliufanyia kwenye bwalo la chakula. Kila mwaka wa juu walifaulu na wa chini walifeli, na jambo hilo lilikuwa limeshazoeleka kiasi kwamba hakuna aliyeliuliza, wala juu wala chini. Mwaka huo walikuwa kumi na mmoja bwaloni. Jirani yake alikuwa mtunza bustani, mzee wa watu mwenye udongo kwenye kucha, naye akiwa kwenye mara yake ya tatu.

Karani wa utumishi, mwenye tai na saa ya kuhesabia dakika, aligawa karatasi zilizobanwa kwa pini. Kisha akapitisha fomu ya kusaini. Ilikuwa ya Kiingereza, mistari miwili tu, na mtunza bustani aliitia sahihi bila kuitazama, akamsogezea Mama Pasi.

Kidole gumba cha Mama Pasi kilikuwa kimeshaanza kazi. Hakukituma. Kilipita kwenye pembe za karatasi za mtihani kama kilivyopita kwenye pembe za mashuka asubuhi ile: jalada, sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kikafika kwenye hewa tupu. Akarudia. Kisha akaisoma ile fomu, polepole, neno kwa neno, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu akaona inasema nini. Ilisema kwamba mwenye sahihi hii amepokea karatasi kamili yenye sehemu tano na maswali hamsini.

Akafunga kalamu yake. "Pungufu," alisema.

"Mama, saini tuanze. Muda unakwenda," alisema karani.

"Fomu inasema tano. Mimi nimeshika nne."

"Wote wameshasaini. Wewe ndiye mwenye macho peke yako?"

"Sijui macho yao. Najua kidole changu."

Mtu wa jikoni aliguna nyuma, akamwambia asiwapotezee muda. Karani aliinama karibu, akashusha sauti, na sauti ya kushushwa ndiyo mbaya zaidi.

"Sikiliza nikuambie. Asiyesaini hafanyi. Na usipofanya leo, inahesabika umefeli. Hii si ni mara yako ya tatu?"

Hapo aliogopa, sitaki kumpamba. Aliona kiti chake cha miaka mitatu kikienda kwa karani wa stoo. Alimwona binti yake akiinamisha uso kwa huruma, na huruma ile aliiogopa kuliko kufeli. Kalamu ilikuwa pale, na sahihi yake ni fupi, haichukui hata pumzi moja. Akajikaza kisabuni. Akaisukuma fomu katikati ya meza.

"Sisaini nisichokiona. Andika kwamba nimekataa, na andika nimekataa nini. Mimi nitakaa hapa hapa."

Akakunja mikono juu ya aproni iliyolowa. Kisha kando yake akasikia karatasi zikichakarishwa. Mtunza bustani alikuwa akihesabu, midomo ikicheza. Alihesabu mara mbili.

"Hata mimi nne," alisema, kama aliyeshtuliwa usingizini. Akanyoosha mkono, akaivuta fomu na kulikata jina lake kwa mstari mmoja mnene. Yule wa jikoni aliyeguna akahesabu, akaacha kuguna. Meza baada ya meza kalamu zililazwa.

Karani alitoka uso umemsawijika, akakaa huko robo saa. Alirudi na karatasi halisi, ile iliyochapishwa, na nyuma ya ukurasa wa mwisho, upande wa pili, ilikuwepo sehemu ya tano. Mashine ya fotokopi ilikuwa ikinakili upande mmoja tu. Karatasi za ghorofani zililetwa zimechapwa tayari. Za bwaloni zilirudufiwa pale pale, kwa ajili ya watu ambao hakuna aliyefikiri wangegeuza ukurasa.

"Na mwaka jana?" aliuliza Mama Pasi.

Karani alishughulika na tai yake.

"Na mwaka juzi? Na siku zote hizo tulipokuwa tunafeli?"

Nakala mpya zilipoletwa, safari hii pande mbili, alizihesabu, akatia sahihi na kuanza kazi. Alipoufikia ukurasa wa mwisho akawakuta wote, although, even though, despite, in spite of, maswali kumi mazima, wabishi wake wamejipanga wakimngojea. Aliwajibu mmoja mmoja bila haraka.

Jioni hiyo binti alikuwa akisahihisha madaftari ya wanafunzi mama yake alipomsimulia. Alisikiliza mpaka mwisho, kalamu nyekundu imesimama hewani. Akaiweka chini.

"Uliniambia hawakuja," alisema.

"Nilikuambia."

"Na mimi sikukuamini. Mwanao mwenyewe. Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Lakini iliniuma, usidhani haikuniuma." Akamsogezea kikombe cha chai. "Thelathini na nane kwa arobaini. Hebu niambie, mwalimu, huyo hakujaliwa lugha?"

Binti akacheka huku machozi yakimlenga.

Majibu yalipotoka, Mama Pasi alikuwa na arobaini na saba. Afisa utumishi alimwita ghorofani, akampongeza kwa maneno mengi, akamwekea mbele barua ya kuthibitishwa kuwa msimamizi. Mama Pasi aliisoma, akaigeuza nyuma, akairudisha mezani.

"Mitihani yote ya bwaloni, tangu ulipoanza, mnayo?"

"Ipo kabatini. Ya nini sasa? Wewe umeshafaulu."

"Mimi ndiyo. Wenzangu walipimwa kwa hamsini wakaonyeshwa arobaini. Itoeni, muihesabu upya kwa kile walichoonyeshwa. Kisha nitasaini."

"Mama, hayo yameshapita. Wengine wameshastaafu."

"Kustaafu si kufa."

Afisa alicheka kidogo, cheko la mtu anayejua kwamba kila mtu hatimaye husaini. Mama Pasi akainuka.

"Basi barua yako nakuachia. Na ukaimu nimeuvua leo. Kuanzia kesho mimi ni mpiga pasi, napiga pasi ninachopewa. Mafurushi mtafute wa kuyapokea."

Walimteremsha karani wa stoo. Sina haja ya kutia chumvi, ukweli wenyewe ulitosha. Siku ya kwanza alisaini kila karatasi bila kugusa furushi hata moja. Siku ya pili wodi ya wazazi ililetewa mapazia, na chumba cha upasuaji kikabaki na foronya tisa na hakuna shuka. Daktari mkuu alishuka mwenyewe, na kwa mara ya kwanza akasimama kwenye chumba kile bila mtu wa kumhesabia kitu. Mama Pasi alipitisha pasi, akarudisha pasi, wala hakuinua kichwa. Siku ya tatu kabati la ghorofani lilifunguliwa, na alama ya kufaulia ikahesabiwa upya: thelathini na mbili kwa arobaini.

Walikuta watu tisa. Tisa waliofaulu kwa haki na kuambiwa hawana kichwa. Mtunza bustani alikuwemo, tena mara mbili. Na chini kabisa ya rundo, karatasi zake zimeshikana kwa unyevu, alikuwepo Bi Hesabu: thelathini na tatu, thelathini na tano, thelathini na saba, zote kwa arobaini. Alikuwa amefaulu mara ya kwanza. Mara mbili zilizofuata alikuwa akifaulu tu tena.

Mama Pasi alitia sahihi kwenye barua yake alasiri hiyo. Lakini barua ya Bi Hesabu hakukubali ipelekwe na tarishi. Aliibeba mwenyewe, pamoja na daftari la kupokelea, akaenda na aproni yake hadi kwenye chumba kidogo cha yule mama, chenye kitanda kilichotandikwa kama cha wodini, pembe zimebanwa barabara.

Bi Hesabu alimsikiliza akiwa amekaa, mikono mapajani. Aliposhikishwa bahasha hakuonyesha furaha wala huzuni. Aliifungua. Akalowesha kidole gumba.

"Moja," alisema. "Mbili. Nyuma hakuna kitu?"

"Hakuna, mama. Nimeangalia."

"Nimekuuliza kama umeangalia?"

Akazigeuza mwenyewe, moja baada ya nyingine, akazichungulia mwangani. Kisha akavaa miwani, akasoma kurasa zote mbili, akazisoma tena tangu mwanzo, hasa ule mstari uliosema kwamba alikuwa msimamizi kamili tangu mtihani wake wa kwanza. Akalia waziwazi, bila kujifuta, na Mama Pasi akalia naye.

Walipotulia, Bi Hesabu alilivuta daftari la kupokelea mbele yake.

"Lete kalamu!" alisema, kwa ile sauti yake ya zamani, iliyoshinda mashine nne.